Kingamwili za mashapo: tuanze na jeli, umeme, ELISA au ukanda?

Mteknolojia_Iringa
Ndugu wanajukwaa, kamwene. Maabara yetu ni ndogo, na tunahudumia wagonjwa waliomaliza dozi ya miezi sita ya kifua kikuu ambao makohozi yao hayaonyeshi tena bakteria, lakini bado wanakohoa, wengine wakitoa damu, huku eksirei ikionyesha tundu pafuni lenye donge la mviringo ndani yake. Daktari wetu anashuku ukungu wa Aspergillus fumigatus na anataka tupime kingamwili zinazotengeneza mashapo, yaani zinazoshikana na vitu vya ukungu huo hadi kuonekana kwa macho. Kwa wiki napata sampuli mbili au tatu, nina friji, umeme hukatika, na mashine ya kusoma sahani za ELISA, kile kipimo kinachotoa kiasi cha kingamwili kwa namba, sina. Ninyi mngeanza na njia ipi?

Mwanjelwa_Maabara
Kwa idadi hiyo, kaka, anza na jeli, yaani mtawanyiko wa pande mbili alioueleza Örjan Ouchterlony wa Uswidi mwaka 1948. Unamimina agarosi ya asilimia 1 kwenye sahani bapa, ikishaganda unatoboa kishimo kimoja katikati na vingine kukizunguka, kisha antijeni ya ukungu, yaani vitu vyake ambavyo kingamwili hushika, inakaa katikati na seramu, yaani majimaji ya damu ya mgonjwa, pembeni. Vyote viwili hupenya taratibu ndani ya jeli, na pale vinapokutana kwa uwiano unaofaa hushikana kuwa wavu mkubwa usioyeyuka, nawe ukiinua sahani mbele ya taa juu ya kitambaa cheusi unauona kama uzi mweupe. Uwiano ndio roho ya kazi hii: antijeni ikizidi mno, wavu haujengeki na mgonjwa mwenye kingamwili tele anaweza kuonekana hana kitu, ndiyo maana mimi kila seramu naipima kwa antijeni ya nguvu mbili tofauti.

Halafu kuna jambo ambalo ELISA haikupi. Weka seramu ya kontroli, yaani ya kulinganishia iliyothibitishwa kuwa na kingamwili hizi, jirani na ya mgonjwa. Mistari yao ikiungana kuwa upinde mmoja, zote mbili zimeshika antijeni ileile. Ikikatana, ni vitu tofauti, na hapo usiandike kwamba jibu ni chanya.

Ila baridi yetu iheshimu. Mwezi Juni na Julai hapa Mbeya, mstari ambao Machi nauona baada ya saa 24 hunichukua saa 48 hadi 72, na sahani isipokaa kwenye kopo lenye pamba iliyoloa, jeli hukauka kabla ya jibu kutoka.

Dada_wa_Njombe
Nakubaliana na kaka wa Mwanjelwa kuhusu upinde, lakini saa 72 ni nyingi kwa mgonjwa anayetema damu wodini. Sisi tulitumia elektroforesisi kinzani. Katika bafa (maji ya chumvi yanayotunza kiwango cha asidi) yenye pH ya 8.2 hivi, antijeni nyingi za ukungu huu huwa na chaji hasi, kwa hiyo umeme huzivuta kuelekea ncha chanya, wakati kingamwili, ambazo hazina chaji ya kutosha kushindana, hubebwa na mkondo wa maji ya jeli kuelekea ncha hasi. Zinalazimika kukutana, na kwa saa moja au moja na nusu mstari unaonekana, tena hata kingamwili zikiwa chache. Msinunue agarosi iliyosafishwa kupita kiasi, kwa maana ndani yake mkondo huo ni hafifu mno, na umeme ukikatika katikati ya kazi rudieni upya.

Daktari_wa_Kifua
Nashukuru kwa michango hii. Niongeze upande wa wodi. ELISA, iliyoanza mwaka 1971, haipimi mashapo kabisa: hukamata IgG (aina kuu ya kingamwili kwenye damu) yoyote inayoshika antijeni, iwe inaweza kuunda wavu au la, na hutoa namba. Namba hiyo ndiyo ninayoihitaji mgonjwa anapokuwa kwenye dawa za ukungu, kwa sababu naweza kufuatilia kama inashuka. Ukanda wa kupimia hauhitaji mashine na hujibu ndani ya nusu saa hivi, lakini hunijibu ndiyo au hapana tu. Kwa hiyo njia mbili zikitofautiana, msikimbilie kusema mmoja amekosea, maana hazikuulizwa swali moja.

Vilevile, kingamwili peke yake si ugonjwa. Nahitaji dalili za miezi mitatu au zaidi na picha inayoendana nazo. Na mgonjwa wa VVU ambaye kinga yake imeshuka sana anaweza kutotengeneza kingamwili za kutosha, hivyo jibu hasi lake lisitufunge macho.

Mteknolojia_Iringa
Nimerudi. Nilianza na jeli. Seramu ya kwanza ilitoa mistari miwili iliyoungana vizuri na ya kontroli. Ya pili imenitatiza: mstari mpana usio na kingo wazi, haukuungana na wowote, na mgonjwa ana nimonia kali, hana tundu.

Mwanjelwa_Maabara
Loweka jeli hiyo kwenye sodiamu sitreti ya asilimia 5 kwa saa chache kabla ya kuipaka rangi. Mtu mwenye uvimbe mkali mwilini huwa na protini ya CRP kwa wingi, nayo hushikana na sukari fulani ya ukungu huu kwa msaada wa kalsiamu, ikatoa mashapo yasiyo ya kingamwili. Sitreti huiondoa kalsiamu.

Mteknolojia_Iringa
Mstari umepotea wote, na ile miwili ya mgonjwa wa kwanza imebaki ilivyokuwa. Nimemwandikia daktari jibu hasi kwa huyu wa nimonia. Wale chanya nitawahifadhia seramu kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, zikifika kumi na mbili hivi nizipeleke Mbeya zipimwe ELISA kwa pamoja, kwa sababu kufungua pakiti nzima ya vifaa vya ELISA kwa sampuli mbili ni kumwaga vitendanishi. Anayetema damu sitamsubirisha. Huyo nitamwanzia kwa ukanda siku hiyohiyo.

Dada_wa_Njombe
Zigawe kwenye vichupa viwili viwili kabla ya kugandisha, mdogo wangu. Seramu inayoyeyushwa na kugandishwa mara kwa mara huharibika, na mistari yake kwenye jeli hufifia.