MREJESHO: Kibodi ya vipande viwili, USB ikiwa kulia herufi zinageuka

Wakuu, niliuliza kwa nini Corne yangu (kibodi ya kujiundia iliyogawanyika vipande viwili), yenye Pro Micro (bodi ndogo yenye chipu) kila upande, inageuza herufi za kushoto na kulia kama kwenye kioo nikichomeka USB kulia. Imepona. Mliosema tatizo si kulehemu mlikuwa sahihi.

QMK, firimwea (programu ya ndani) ya kibodi hii, isipoelekezwa huchukulia kwamba upande wenye USB ndio kushoto. Nikaweka mpangilio wa EE_HANDS kwenye faili la config.h, nikapakia firimwea kila upande peke yake: kushoto kwa amri ya avrdude-split-left, kulia kwa avrdude-split-right. Sasa kila chipu inakumbuka upande wake kwenye EEPROM, kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika. Ili bodi ikubali kupakiwa, pini za RST (kuwasha upya) na GND (ardhi) niligusanisha kwa kibano, haraka mara mbili. Butiloda, programu ya chipu inayopokea firimwea, inakusubiri kama sekunde 8 tu, kwa hiyo amri iwe imeshaanza kungoja kwenye kompyuta.

Waya wa kuunganisha pande nao una kazi yake. Pale sokoni Mwanjelwa, Mbeya, wengi wanakupa wa spika, wenye mistari miwili myeusi kwenye jeki; unaotakiwa una mitatu. Nimeupata kwa fundi simu, tena bei ya kawaida. Na yule mkuu aliyeonya waya huo usichomolewe wakati USB bado imechomekwa na kuna umeme, asante sana, hiyo ni shoti ya kujitakia.

Kimebaki kioo kidogo cha OLED (skrini ya kibodi) cha kulia, kinawaka ila hakionyeshi kitu. Mwenye uzoefu?