Pikipiki Lubumbashi mpaka Kolwezi mu hii mvua: remorki wazi, kamyo ya bashi, ao niipande mwenyewe?

Mwana_Katuba
Jambo bandugu. Niko na Boxer 150 hapa Katuba, nimepata kazi Kolwezi na siku ya Jumatatu lazima nikuwe kule na moto yangu, hii pikipiki, kwa sababu njo itanipeleka ku kazi kila asubui. Ni karibu kilomita 300, na hii mvua ya Januari munaiona wenyewe. Yaya yangu, ndugu mukubwa, anaenda na Hilux yake Jumamosi, iko na remorki wazi ile ya kubebea mbao, anasema tuifunge pale, bure. Chofa mumoja wa kamyo ya bashi, ile ya turubai, ananiomba pesa lakini ananiahidi itafika kavu. Ao niipande tu mwenyewe. Moto ni mupya, haina hata miezi 4, nilikusanya pesa yake miaka 2, sitaki ifike imekwaruzwa. Mwenye alishafanya anisaidie.

Manseba_wa_Kenya
Mudogo yangu, kuipanda mwenyewe acha. Mi niko manseba, nabeba abiria na moto, mwaka wa 6, mvua naijua. Mpaka Likasi, kilomita 120, unaweza kuvumilia, lakini ile barabara imejaa makamyo ya shaba na ya asidi, moja ikikupita inakumwangia maji yote ku uso, sekunde tatu hauone kitu, na nyuma yake kuko ingine. Na mizigo ya kuhama ku mugongo? Hapana. Kati ya zile mbili zingine wenye kujua waseme.

Yaya_Ruashi
Mimi nilipeleka yangu na kamyo ya bashi mwaka jana. Kavu ni kweli, haikupata hata tone. Lakini bashi haizuii mizigo. Watu wane walipandisha kwa mikono, nafasi ya kuisimamisha haikukuwa, wakailalisha juu ya magunia ya unga, esansi (petroli) ikamwangika, halafu mu njia wakaongeza mabidoni juu yake. Nilipoipokea levye ya ambreyaji (klachi) ilikuwa imepindika na tangi imebonyea kiasi cha kidole gumba, mpaka leo nikioga moto napitisha mukono pale naumia. Chofa alisema barabara ni mbaya, basi. Ku remorki ya yaya yako hakuna mutu atatupa gunia juu yake.

Fundi_Kamalondo
Mi pia nasema remorki, lakini sikiliza muzuri, kwa sababu wote munaogopa mvua na mvua haiko adui. Manseba wanakimbia ndani yake kila siku. Chenye inaangusha moto juu ya remorki ni sangli, ile mikanda ya kuifunga, kulegea. Amotisa (springi za moto) inarukaruka ku mashimo, sangli inapata nafasi, na kama ni ya nailoni ikilowa inanyooka zaidi, kisha kona moja tu moto inalala. Tafuta sangli za klike (kifaa cha kukazia) za poliesta, angalia etiketi: ya bulu imeandikwa PES, njo hiyo. Ya kijani ni nailoni, iache. Na ile kamba ya kufungia magunia ya makala usiilete hata karibu.

Gurudumu la mbele lisukume mpaka ligonge ubao wenye umepigiliwa nguvu. Sangli mbili za mbele zishike te ya chini, kile chuma kinaunganisha amotisa mbili, siyo gido (usukani), gido inazunguka. Kaza kwa zamu, klike moja kushoto, moja kuume, mpaka amotisa ishuke karibu nusu. Nusu! Ukikaza mpaka chini kabisa, kila shimo linapiga spi, ile mipira inazuia mafuta ya amotisa, na mafuta yanatoka, nimeshabadilisha spi za watu wengi waliokaza kwa woga. Mbili za nyuma zishike shasi, zizuie mukia usiteleze. Bekiyi ya pembeni (stendi) ipandishe, moto isimame na sangli peke yake. Weka vitesi (gia) ya kwanza, funga robine ya esansi. Mudomo wa eshapma (bomba la moshi) uvalishe mufuko wa plastiki na mupira, halafu funga kitambaa chekundu ku gido ukumbuke kuutoa mbele ya kuwasha.

Mama_Fungurume
Fundi, na bashi ndogo juu ya moto yenyewe? Mi ningeifunika, matope ya huku ni mekundu na yanashika.

Fundi_Kamalondo
Hapana mama. Ku kilomita 80 kwa saa bashi inapigapiga, mchanga ukiingia chini yake inakwangua rangi kama msasa, tena inashika upepo kama tanga. Matope yanatoka na maji, rangi hairudi. Afunike kiti na pale pa ufunguo, basi. Sangli pia azizungushe mara moja mbele ya kukaza, ikiwa bapa inatetemeka mu upepo.

Chofa_wa_RN1
Naongeza ya remorki. Uzito wa moto ukae mbele kidogo ya ekseli, ukikaa nyuma remorki inaanza kucheza na ku lami yenye maji hauishike tena. Kisha kilomita 20 za kwanza musimame, ushike sangli na mukono, utakuta zimelegea, ni kawaida, kaza. Tena Lwisha, tena Likasi, tena Fungurume. Taa za nyuma za remorki ziwake, kamyo mu mvua haione kitu kidogo vile. Na mutoke mapema sana, mvua ya nguvu inapenda kuja kisha saa sita ya muchana.

Mwana_Katuba
Bandugu, tumefika jana. Pesa ya kamyo nilinunua sangli 4 za etiketi ya bulu na ikabakia. Tulitoka saa kumi na moja asubui. Kituo cha kwanza sangli ya mbele kushoto vidole viwili vilikuwa vinapita chini yake, nikakaza, kutoka pale haikulegea tena hata kidogo. Mvua ilitukamata mbele ya kufika Fungurume, ya nguvu, yaya akashuka mpaka 50, mi nilikuwa naangalia nyuma tu, gido haikutikisika. Ilifika nyekundu yote kama tofali. Leo nimeioga na maji safi, nimepaka sheni mafuta, tangi haina hata alama moja. Fundi, aksanti sana ya kile kitambaa, nilikuwa nimeshaingiza ufunguo wakati nilikiona.