Mada: Nyumba baridi, msimamizi hajibu: hapa Minneapolis nimwendee nani?

Kutoka: Mama Wawili, mtaa wa Phillips

Assalaam aleikum, na habari za jioni ndugu zangu wote.

Nilihamia hapa mwezi wa Agosti nikitokea Temeke. Hita ya nyumba niliyopanga inawaka kidogo usiku kisha inazimika. Asubuhi watoto wanavaa makoti ndani wakinywa chai. Msimamizi wa jengo kila nikimpigia ananiahidi fundi, na fundi haji. Ingekuwa nyumbani ningeanza kwa mjumbe, akishindwa ningekwenda ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti amwite mwenye nyumba tuzungumze. Hapa sijaona hata kibao cha ofisi ya namna hiyo. Jirani ananionya kwamba nikilalamika nitatolewa vitu nje. Ni kweli? Na mtu ambaye si raia anaruhusiwa kumwona diwani?

Naomba msaada wenu, baridi yenyewe ndiyo kwanza inaanza.

Kutoka: Mzee wa Longfellow

Mama Wawili, wa aleikum salaam, na pole sana wewe na watoto.

La haraka kwanza. Kesho asubuhi piga 311. Hiyo ndiyo simu ya jiji kwa mambo yote yasiyo ya dharura ya polisi, moto au gari la wagonjwa. Taja tu lugha yako, “Swahili”, usubiri mkalimani, hulipi kitu. Waambie nyumba haina joto na kuna watoto wadogo. Sheria ya jiji inamtaka mwenye nyumba ahakikishe joto la ndani halishuki chini ya nyuzi 68 za Fahrenheit, yaani 20 za Selsiasi, tangu Oktoba mpaka Aprili. Nunua kipimajoto cha bei ndogo, kiweke sebuleni, kipige picha asubuhi na usiku. Mkaguzi wa jiji akija, picha zile zitakusemea.

Mwenye nyumba hapa hapangishi kwa hiari yake tu. Ana leseni ya kupangisha aliyopewa na jiji, na jiji linaweza kumwekea masharti au kuifuta. Ndiyo maana karatasi ya mkaguzi ina nguvu kuliko simu zako zote kwa msimamizi.

Pili, mwandikie mwenye nyumba. Barua au ujumbe wa simu, mradi uwe na tarehe na nakala ibaki kwako. Matengenezo ya kawaida yakipita siku 14 bila kufanywa, unaweza kwenda mahakama ya kaunti ya Hennepin na kuweka kodi yako mikononi mwa mahakama badala ya kumpa yeye. Ila joto likikosekana kabisa ni dharura: unamtaarifu saa 24 kabla, kisha unaomba amri ya mahakama ya haraka. Mwenye kipato kidogo anaweza kusamehewa ada. Nakusihi jambo moja: usiache kulipa kodi ukakaa nayo nyumbani kwa hasira. Wengi wamefukuzwa kwa sababu hiyo, wakati haki ilikuwa yao tangu mwanzo.

Jirani yako anaogopa, na hofu yake naielewa, lakini sheria haiko upande anaoudhani. Mwenye nyumba akijaribu kukutoa au kukupandishia kodi ndani ya siku 90 baada ya kulalamika, yeye ndiye atakayetakiwa kuthibitisha kwamba hakufanya kwa kulipiza kisasi. Kwa ushauri wa sheria bila malipo wapigie HOME Line, shirika linalowasaidia wapangaji wa Minnesota nzima.

Sasa suala la diwani. Ndiyo, unaruhusiwa, na hakuna atakayekuuliza uraia. Jiji lina kata 13 na kila kata ina diwani wake. Andika anwani yako kwenye tovuti ya jiji utamwona wa kwako. Ana wasaidizi, na kazi yao kubwa ni malalamiko kama haya. Raia ndio wenye kura, lakini diwani anamtumikia kila aishiye katani kwake.

Wageni wengi wanachoshwa na jambo jingine: serikali hapa ni nyingi na kila moja ina mpaka wake. Jiji linashika barabara, theluji, taka, maji, zimamoto, polisi na ukaguzi wa nyumba. Msaada wa chakula na ustawi wa watoto viko kaunti, na hata maktaba zimekuwa za kaunti tangu 2008. Bustani na viwanja vya michezo vina bodi yake inayochaguliwa kwa kura, iliyoanzishwa 1883, na diwani hana amri juu yake. Shule vilevile zina bodi yao. Nyumba za umma zina mamlaka yake. Mabasi na treni ni vya Metropolitan Council, ambayo wajumbe wake huteuliwa na gavana. Nimewaona watu wazima, wenye akili zao, wakipanga foleni nusu siku City Hall, makao ya jiji, kwa jambo la kaunti, wakarudi nyumbani wakiamini wamedharauliwa, kumbe ofisi ndiyo siyo.

Karibu na ulichokizoea ni jumuiya ya mtaa. Ziko takribani 70 mjini hapa. Haziandiki barua za utambulisho wala hazina mhuri, lakini kwa miaka mingi zimepata fedha za jiji. Kuanzia 1990, mpango wa kufufua mitaa ulitengewa dola milioni 20 kila mwaka kwa miaka 20, na wakazi wenyewe ndio waliokaa kupanga matumizi. Lilikuwa jambo kubwa; miji michache ya nchi hii imewahi kuwapa wakazi wake kiasi hicho. Lakini waliohudhuria vikao walikuwa zaidi wenye nyumba zao, na sehemu kubwa ya fedha ikaenda kwenye mikopo na ruzuku za kukarabati nyumba za hao hao. Wapangaji, ambao ni zaidi ya nusu ya kaya za jiji, hawakuwepo, na sisi wahamiaji ndio kabisa. Hatukufukuzwa na mtu. Vikao vilikuwa saa za shifti ya jioni, kwa Kiingereza, na hakuna aliyetugongea mlango kutualika. Baadaye jiji lilibadilisha namna ya kugawa fedha ili mitaa yenye wapangaji wengi na watu wa kipato cha chini ipate zaidi, na sasa jumuiya inatakiwa ionyeshe imewafikia watu wa aina zote. Kwa hiyo ukienda, Mama Wawili, watafurahi kukuona. Na si raia peke yao wanaoweza kuingia kwenye bodi.

Kutoka: Dereva, Cedar-Riverside

Mzee amesema vema. Niongeze la kwetu madereva, kwa sababu kuna watu bado wanadhani haya mambo ya baraza la jiji ni ya wazungu.

Madereva wa Uber na Lyft hapa wengi ni watu wa Afrika Mashariki: Wasomali, Waoromo, na sisi wengine. Tulipoanza kukutana baada ya swala na kwenye maegesho ya uwanja wa ndege hatukuwa na kitu zaidi ya manung’uniko. Kikazaliwa chama cha madereva, tukajaza viti vya baraza. Mwaka 2023 gavana alikataa kutia saini muswada wa jimbo wa kima cha chini cha malipo yetu, na Agosti meya akapiga kura ya turufu dhidi ya sheria ya jiji. Wengi wetu walikata tamaa. Machi 2024 baraza likapitisha tena kima cha chini: dola 1.40 kwa maili na senti 51 kwa dakika. Meya akakataa tena, na safari hii baraza likamshinda kwa kura 10 kwa 3. Kampuni zikatishia kuondoka mjini. Mwishoni, mwezi Mei, bunge la jimbo likaingilia kati, likaweka dola 1.28 kwa maili na senti 31 kwa dakika kwa jimbo zima, na kuyaondolea majiji uwezo wa kupanga viwango vyao.

Wapo wanaosema tulishindwa, kwa kuwa kiwango cha jiji kilikuwa kikubwa zaidi. Sikubaliani nao. Kabla ya hapo hapakuwa na kiwango chochote. Lakini mjifunze hili: jimbo likiamua, jiji halina la kusema. Ukipigania jambo City Hall, weka watu na St. Paul pia, kwenye bunge. Sisi tuliweka, na bila hivyo tungeambulia patupu.

Dada yetu wa Phillips, ukihitaji usafiri kwenda mahakamani niandikie pembeni. Sitozi kitu.

Kutoka: Wanjiku’s mum, Brooklyn Park

Hamjambo wote. Pole dada.

Mimi ni msaidizi wa wauguzi na niko hapa kutoka Nakuru. Nataka kuwakumbusha walio nje ya Minneapolis: Brooklyn Park, ambako sisi Wakenya na Waliberia tumejaa, ni jiji lingine kabisa, lina meya wake na sheria zake. Ukisoma kwenye ukurasa huu kwamba dipoziti haizidi kodi ya mwezi mmoja, hiyo ni sheria ya Minneapolis. Ukivuka mpaka uliza upya.

Mfano mzuri ni siku za ugonjwa. Minneapolis ilipitisha 2016 kwamba mfanyakazi apate saa moja ya ruhusa yenye malipo kwa kila saa 30 za kazi, hadi saa 48 kwa mwaka, na ikaanza Julai 2017. Mimi nilikuwa nafanya kazi nje ya jiji. Mtoto akiugua nilikuwa nakosa mshahara, na rafiki yangu anayefanya kazi ile ile ndani ya mpaka alikuwa analipwa. Imebidi tungoje mpaka Januari 2024 jimbo lilipofanya iwe ya wote. Miaka sita na nusu, kwa sababu ya mstari kwenye ramani.

Lililo moyoni mwangu kabisa ni vyama vyetu. Mtu wetu akifariki, kabla ya jioni harambee imeshaanza, na mwili utafika nyumbani. Mgonjwa hakosi chakula. Kwa hilo najivunia, sijaona jamii ingine hapa inayotushinda. Lakini hizi nguvu zote tunazimalizia ndani. Kila Agosti meya anawasilisha bajeti ya jiji, na Desemba baraza linaipitisha, na katikati kuna siku za wananchi kusema. Dakika chache tu, unasimama na kusema “mtaa wetu hauna taa”. Chama chenye watu 60 wanaolipa mchango kila mwezi bila kukosa kinaweza kupeleka watu watano siku hiyo. Hakuna mtu wa kutuandikia barua tukikaa kimya. Wasomali walielewa haya mapema, ndio maana wana madiwani na wabunge.

Kutoka: Mzee wa Longfellow

Mama Wanjiku, nakuunga mkono kwa mikono miwili. Naongeza mawili kabla sijasahau, msimu umefika.

Theluji. Jiji likitangaza dharura ya theluji, gari lako linaweza kuvutwa, na faini pamoja na gharama za kuvuta na kuhifadhi vinauma. Siku ya kwanza, saa 3 usiku hadi saa 2 asubuhi, usiegeshe kwenye barabara zilizotengwa kwa dharura ya theluji, upande wowote. Siku ya pili, saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku, barabara nyingine za kawaida usiegeshe upande wa namba za nyumba zinazogawanyika kwa mbili. Siku ya tatu, saa zile zile, upande wa namba witiri. Jiandikishe upate taarifa kwa simu. Na kama unaishi nyumba ya familia moja au mbili, njia ya miguu mbele yake isafishwe ndani ya saa 24 theluji ikikatika. Mkataba wako utakuambia kama kazi hiyo ni yako au ya mwenye nyumba. Usome.

Kura. Waliopata uraia majuzi, msiseme mmechelewa kujiandikisha. Minnesota unajiandikisha siku hiyo hiyo kituoni. Ukiwa huna hati yenye anwani yako, jirani aliyeandikishwa kituo hicho anaweza kuapa kwamba unaishi hapo. Mtu mmoja anaweza kuwadhamini hadi wanane. Na kura za jiji, tangu 2009, unawapanga wagombea kwa nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Usimwandike mmoja nafasi zote ukidhani unamwongezea kura, haihesabiwi hivyo. Mwenye green card asipige kura hata akibembelezwa na nani. Madhara yake ni makubwa, anaweza hata kufukuzwa nchini.

Kutoka: Mama Wawili, mtaa wa Phillips

Ndugu zangu, Mungu awalipe.

Nilipiga 311, nikapata mkalimani, sauti yake ya Mombasa kabisa. Mkaguzi alikuja, akapima vyumba vyote, akaandika amri. Msimamizi amepiga simu mwenyewe, kwa adabu. Fundi amekuja lakini anasema boila nzima ya jengo imechoka, kwa sasa ameirekebisha kidogo tu. Watoto angalau wanalala bila makoti.

Kilichonishtua ni kwamba mkaguzi alipotoka kwangu, majirani walifungua milango wakaanza kumwita. Ghorofa yetu karibu wote wana tatizo hilo hilo, na kila mmoja alikuwa akivumilia peke yake. Yupo mama wa Kioromo, kuna familia mbili za Ekuador, na mzee wa hapa hapa aliyekaa miaka mingi. Wanataka tuandike barua moja ya jengo zima. Je, sheria inaturuhusu kukutana kwenye ukumbi wa chini bila ruhusa ya mwenye nyumba? Na yupo hapa anayejua Kioromo au Kihispania vizuri?

Kutoka: Dereva, Cedar-Riverside

Mnaruhusiwa. Tangu Januari 2025 sheria ya jimbo inalinda haki ya wapangaji kuunda umoja wao na kukutana ndani ya jengo. Jumapili nakuja na mwenzangu, mama yake ni wa Jimma na Kioromo ndiyo lugha ya kwao. Kihispania ulizeni jumuiya ya mtaa wa Phillips, wana mtu. Andaeni orodha ya vyumba na tarehe ambazo joto lilikatika, kila mtu aandike ya chumba chake kwa mkono wake.