CPL na CFI kwa pamoja: nihamie kiti cha kulia lini?

Mwanagenzi172
Wakuu, habari zenu. Nipo Florida, nasoma chini ya Part 61, kanuni za Marekani za leseni za marubani. PPL (leseni ya rubani binafsi) na instrumenti (kibali cha kuruka kwa vyombo) ninazo, kitabu changu cha saa za kuruka kina saa 190. Nataka saa 60 zilizobaki zinifae kwa CPL (leseni ya rubani wa biashara) na CFI (cheti cha ukufunzi wa urubani) sambamba. Nihamie kulia, kiti cha mkufunzi, sasa? Mitego iko wapi?

Kanyagio
Mkuu, hamia, ila si leo. Chandele (kupanda huku ukigeuka digrii 180) na kutua bila nguvu ya injini viive kwanza ukiwa kushoto. Kulia mikono inabadilishana kazi: usukani mkono wa kulia, throto wa kushoto. Hiyo utaizoea haraka. Kinachosumbua ni kutua. Ukiiweka ncha ya pua juu ya mstari wa kati jinsi unavyoiona kutoka kulia, ndege inakuwa imeelekea kulia, na matairi yanagusa lami kiubavu. Sahau ncha ya pua, tazama mbele ya goti lako, mbali, mwisho wa njia ya kutua. Kipima kasi nacho unakitazama kwa pembeni, sindano inadanganya. Jifunze kuegemea kidogo unapokisoma.

SaaKitabuni
Mitego ya kitabu ndiyo ghali. Safari ya CPL ya maili 300 za baharini, kutua sehemu tatu, kituo kimoja kiwe maili 250 kwa mstari ulionyooka kutoka ulikoanzia: nenda peke yako. Ukipakia rafiki mchangie mafuta, haihesabiki. Usiku peke yako ni saa 5, kupaa na kutua mara 10 kwenye uwanja wenye mnara wa kuongozea ndege unaofanya kazi.

Mwanagenzi172
Asanteni sana. Mtihani wa CPL naweza kuufanyia kulia?

Kanyagio
Unaweza, ukikubaliana na mtahini mapema. Hakikisha breki zipo upande huo, Piper nyingine za zamani hazina. Kwenye kutua bila nguvu, gusa ndani ya futi 200 baada ya alama. Ukigusa kabla yake, umefeli.

SaaKitabuni
Karatasi mbili za CFI, ya misingi ya ufundishaji na ya ukufunzi wa ndege, zifanye sasa. Matokeo yanadumu miezi 24. Saini ya mkufunzi ya mafunzo ya spini (ndege kuanguka ikizunguka) usiiache mwisho. Cessna 172 inaruhusiwa kuzungushwa ikiwa tu uzito na mizani viko kwenye kundi la utiliti (lenye kikomo kidogo cha uzito), kwa hiyo viti vya nyuma viwe vitupu na mafuta yapimwe kabla hamjapanda.