Lenzi ndogo ya pembe pana: 16mm f/2.8 au 18mm f/2?

Mwanagenzi

Wanajukwaa, salaam. Nimejiwekea akiba ya kununua lenzi moja ndogo ya pembe pana, isiyo na zumu (isiyobadili upana wake), kwa ajili ya kamera yangu isiyo na kioo cha kuakisi (mirrorless), na sasa nimekwama kati ya 16mm f/2.8 na 18mm f/2, yaani urefu wa fokasi (mm ndogo, pembe pana) na tundu la mwanga (nambari ya f ndogo, mwanga mwingi). Ninachokitafuta ni wepesi, kwa kuwa kamera inayoachwa nyumbani kwa sababu ya uzito haipigi picha yoyote. Naomba mwenye uzoefu anishauri, kwani ningependa kuagiza kabla ya wiki hii kwisha.

Pembe Pana

Zote mbili ni pana mno kwa matembezi, ndugu yangu. Nunua 24mm ulale usingizi. Mimi ninatumia Sony FE 24mm f/2.8 G, ile iliyotoka mwaka 2021, yenye uzito wa gramu 162 na filta ya milimita 49, na ina pete ya kubadilishia tundu kwenye lenzi yenyewe, jambo ambalo ukishalizoea huwezi kuliacha. Ukitaka nyepesi kuliko hiyo, ipo Samyang 24mm f/2.8 yenye gramu 93 tu. Ukipenda kukaribia vitu vidogo, Sigma 24mm f/3.5 inafokasi kutoka sentimita 10.8, ingawa utakuwa umeuza mwanga kidogo ili kuupata huo ukaribu.

Bint Nuru

Kaka Pembe Pana, umemwandikia dawa mgonjwa ambaye hujampima. Mwanagenzi hakusema ana kamera gani, na bila kujua ukubwa wa kihisi (kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera), 16mm ni nambari tupu: kwenye fremu kamili (kihisi kikubwa) ni pana kupita kiasi kwa mtu anayetembea, kwenye APS-C (kihisi kidogo zaidi) inakuwa sawa na 24mm, na kwenye Micro Four Thirds (kidogo kuliko hicho) inakaribia 32mm, ambayo ni lenzi ya kawaida kabisa. Mwanagenzi, tueleze kamera yako, lenzi ulizo nazo tayari, unapiga nini, na unapiga wakati gani wa siku. Tukikujibu kabla ya hapo tutakuwa tunapiga ramli.

Mwanagenzi

Nisameheni, nilidhani vipimo vya lenzi vingetosha kuwaeleza. Kamera yangu ni Fujifilm X-T30, yenye kihisi cha APS-C, na lenzi niliyo nayo ni moja, zumu ya XF 18-55mm f/2.8-4. Lenzi ninazozifikiria ni XF 16mm f/2.8 R WR na XF 18mm f/2 R. Ninapiga njiani, sokoni, na ndani ya nyumba watu wa familia wanapokusanyika jioni. Milima na mandhari ni mara chache.

Bint Nuru

Kumbe una zumu hiyo! Basi swali lako limebadilika, kwa sababu 18mm kwa f/2.8 unayo tayari mkononi. Lenzi ya 18mm f/2 haitakuongezea upana hata kidogo. Itakuongezea stopu moja ya mwanga, yaani maradufu, na itakupunguzia gramu 194, kwa kuwa ina gramu 116 dhidi ya 310 za zumu. Lenzi ya 16mm f/2.8 haitakuongezea mwanga hata kidogo. Itakuongezea upana, na itakupunguzia gramu 155.

Upana wenyewe ni mkubwa kiasi gani? Chukua ukuta ulio mita 3 mbele yako. Lenzi ya 18mm itaingiza takriban mita 3.9 za ukuta huo kutoka kushoto hadi kulia, na ya 16mm takriban mita 4.4. Tofauti ni nusu mita, sawa na bega hadi bega la mtu mmoja. Kama katika picha zako za familia kuna mtu mmoja ambaye kila mara anakatwa sikio pembeni, 16mm ndiyo itakayomwokoa.

Kuna jambo moja ambalo watu hulisahau. Zumu yako ina kituliza mtikisiko, lakini X-T30 haina ndani ya mwili wake, na lenzi zote mbili unazozitaka hazina pia. Kwa chumba kilichotulia, zumu iliyoshikwa vizuri kwa shata ya 1/15 ya sekunde inaweza kukupa picha safi ambayo lenzi ya 16mm itakutikisia. Kwa watoto wanaokimbia, kituliza hakisaidii chochote, kwa sababu kinachotembea ni mtoto na si mkono wako. Hapo utataka 1/125 au zaidi, na hapo ndipo f/2 inapolipa: chumba kinachokudai ISO (usikivu wa kihisi kwa mwanga) ya 6400 kwa f/2.8 kitakubali ISO 3200 kwa f/2.

Fundi Vioo

Nakubaliana na hesabu ya Bint Nuru, lakini hesabu haishiki kamera. XF 18mm f/2 ni miongoni mwa lenzi tatu za kwanza kabisa za mfumo wa X wa Fujifilm, zilizotoka mwaka 2012 pamoja na kamera ya X-Pro1, na umri wake unausikia: mota yake inasukuma vioo vizito na inatoa sauti ya kukwaruza ambayo ndani ya chumba kimya kila mtu ataigeukia. XF 16mm f/2.8 ni ya mwaka 2019, inafokasi kwa ndani, haraka, na karibu bila sauti. Kwa video hakuna hata mjadala.

Hata hivyo, asikudanganye mtu kwa zile herufi WR. Lenzi inayozuia vumbi na matone ya maji ikifungwa kwenye X-T30, ambayo yenyewe haijazibwa, ni sawa na kufunga mlango wa mbele huku dirisha liko wazi. Usilipie kitu hicho isipokuwa unakusudia kubadilisha kamera baadaye.

Mzee Fremu

Wanangu, nimesoma yote, na ninaona mnamsukuma kijana kwenye shimo. Pembe pana ndiyo lenzi ngumu kuliko zote. Kila kilicho mbele ya kamera kinaingia kwenye picha, pamoja na ndoo, waya na kiwiko cha jirani, na asiyejua kusogea karibu hurudi nyumbani na picha za sakafu. Achukue XF 23mm f/2, ya mwaka 2016, gramu 180, sawa na 35mm kwenye fremu kamili. Hiyo ndiyo pembe ambayo jicho la mtu huikubali bila kujiuliza.

Na huyo ndugu wa pembeni ambaye Bint Nuru anataka kumwokoa, naomba amtazame vizuri baada ya kumwokoa. Mwaka mmoja nilipiga ukoo mzima kwa lenzi ya pembe sawa na 20mm, na mama mkwe wangu alisimama mwisho wa mstari. Kichwa chake kilitoka kimevutika kuelekea kona kama unga unaokandwa. Picha hiyo haikuwahi kutundikwa, na sababu haikuwahi kuzungumzwa.

Bint Nuru

Shikamoo mzee. Hilo ni kweli, na dawa yake ni kuwaweka watu wembamba pembeni na kurudi nyuma hatua moja. Lakini mwenzetu hakuomba 23mm.

Pembe Pana

Nimekosea kuhusu kamera, nakiri. Ila sasa mnambania mtu mwanga. Kama anapiga jioni ndani ya nyumba, kwa nini asichukue XF 18mm f/1.4 ya mwaka 2021? Na tuwe wakweli: f/2 kwenye APS-C si f/2, ni f/3 ukilinganisha na fremu kamili.

Fundi Vioo

Hiyo ina gramu 370, yaani ni nzito kuliko zumu anayotaka kuiacha nyumbani! Soma tena ujumbe wa kwanza: anachotafuta ni wepesi.

Bint Nuru

Na kuhusu f/3, tutenganishe mambo mawili. Kwa kina cha fokasi, ni sahihi kusema f/2 ya APS-C inafanana na f/3 ya fremu kamili kwa pembe ileile. Kwa mwanga unaopanga mwendo wa shata, f/2 ni f/2 kwenye kamera yoyote. Kipima mwanga hakijui kihisi chako kina ukubwa gani. Mwanagenzi akiweka f/2 na ISO 1600, atapata shata ileile atakayoipata mwenye fremu kamili. Chembechembe kwenye picha ndizo zitakazotofautiana.

Pembe Pana

Chembechembe ndizo nilizokuwa nazungumzia tangu mwanzo.

Bint Nuru

Hukuzitaja hata mara moja, kaka yangu.

Jicho la Pili

Samahani kwa kuingilia kati. Kabla Mwanagenzi hajaagiza, ningependa kumpa kisa changu, hasa ikiwa atanunua iliyokwisha kutumika, maana lenzi nyingi za 2012 zinazozunguka ziko mkono wa pili au wa tatu.

Nilinunua lenzi ndogo ya pembe pana kwa muuzaji ambaye sitamtaja, na kampuni iliyoitengeneza sitaitaja pia kwa kuwa haikuwa na kosa. Niliijaribu palepale kwa kupiga uso wa muuzaji mwenyewe, katikati ya fremu, nikakuza kwenye skrini ya kamera, nikaona kope zake moja moja, nikalipa. Nilipofika nyumbani filta yangu ilikataa kuingia sawasawa; ilizunguka robo tu na kukwama. Nikadhani nyuzi bado ni ngumu, nikaiacha bila filta.

Miezi miwili nilipiga kwa f/8, mchana, na sikuona kasoro. Kisha nikachapisha picha moja kwa upana wa sentimita 60, ya ukumbi wenye safu za viti vilivyoandikwa nambari migongoni. Upande wa kushoto nambari zilisomeka hadi kiti cha mwisho. Upande wa kulia zilikuwa kama zimefunikwa kitambaa kilicholowa. Nikalaumu mkono wangu, nikalaumu fokasi, nikalaumu hata mchapishaji, na yule mchapishaji nilikuja kumwomba radhi baadaye.

Mwishowe nikafunga kamera kwenye miguu mitatu mbele ya ukuta wa matofali, nikapiga kwa f/2.8, kisha nikageuza kamera kichwa chini na kupiga tena ukuta uleule. Kama kosa lingekuwa la ukuta kukaa upande, ukungu ungebaki upande uleule wa ukuta. Haukubaki, ulihamia upande wa pili pamoja na lenzi. Fundi alipoitazama chini ya taa alinionyesha ukingo wa mbele, mahali panapofungwa filta: palikuwa na bonde dogo, lililopakwa wino mweusi kwa ustadi. Lenzi iliwahi kuanguka, na kioo kimoja ndani kilikuwa kimetoka kwenye mstari wa vingine. Muuzaji alinijibu kwamba muda wa kurudisha umepita.

Kwa hiyo, Mwanagenzi, nenda na filta ya kipimo husika, milimita 49 kwa ile ya 16mm na milimita 52 kwa ile ya 18mm, uifunge mwenyewe. Piga ukuta kwa tundu lililo wazi kabisa, utazame kona zote nne na si katikati.

Fundi Vioo

Kisa hiki kibandikwe juu ya jukwaa. Niongeze kwamba kwa lenzi hizi mbili kona hazitakuwa kali kama katikati hata zikiwa nzima, hasa 18mm kwa f/2. Kinachotafutwa ni kona nne zilizo sawa kwa udhaifu. Kona moja ikiwa peke yake ndiyo mbovu, rudisha.

Pia usishtuke ukifungua faili ghafi (RAW) kwenye programu isiyosahihisha lenzi. Ile ya 16mm huonyesha mistari iliyopinda kama pipa, na kamera yenyewe ndiyo huinyoosha. Wengine huita huo udanganyifu. Mimi huuita njia ya kupata 16mm ndani ya gramu 155.

Mzee Fremu

Lenzi inayonyooshwa na kompyuta ni lenzi ambayo haijamaliza kutengenezwa. Nitakufa na maneno haya.

Mwanagenzi

Nawashukuru nyote, shikamoo mzee. Nimefuata hesabu ya Bint Nuru na kupitia picha za safari yangu ya mwisho kwa kuangalia urefu wa fokasi uliohifadhiwa kwenye kila faili. Zaidi ya nusu nilizipiga kwa 18mm, na hapo nikafurahi nikidhani jibu limepatikana. Kisha nikagundua kwamba sijui kama nilisimama 18mm kwa sababu ndiyo niliyoitaka, au kwa sababu zumu iliishia hapo na mgongo wangu uligusa ukuta.

Kwa hiyo sitaagiza wiki hii. Nimeifunga zumu kwa utepe kwenye 18mm na nitatembea nayo hivyo kwa siku kumi, nikiandika kila mara ninapotamani kurudi nyuma na kila mara shata inaposhuka chini ya 1/60. Jana ilikuwa siku ya kwanza: nilitamani kurudi nyuma mara tatu, na giza lilinishinda mara nne.

Bint Nuru

Weka f/2.8 muda wote, la sivyo hesabu ya giza itakudanganya.

Fundi Vioo

Na utepe uwe wa karatasi, ule wa wapaka rangi. Utepe wa umeme huacha gundi kwenye mpira wa zumu, na gundi hiyo huokota vumbi la mwaka mzima.

Pembe Pana

Tukiwa tunasubiri siku kumi, mwenye 18mm f/2 anisaidie jambo: kile kifuniko cha mpira kinachovalishwa juu ya kofia ya chuma ya kuzuia mwanga wa pembeni, kinabaki mahali pake kweli? Ndugu yangu anayo hiyo lenzi na anasema chake kilidondoka.

Jicho la Pili

Changu kilidumu siku mbili. Sasa ninatumia kifuniko cha kubana cha milimita 52 na kofia nimeiacha kabatini.