Gemu zinatuona wajinga, programu za bure zinatuona watabiri

Wakuu, leo mniache niseme maana nimefura.

Nimenunua gemu mpya kwa hela yangu. Naifungua, mhusika kasimama mbele ya kishimo. Sijagusa kitu, gemu inaganda yenyewe, kioo kinafifia, linatokea boksi la maandishi: bonyeza kitufe hiki ili uruke. Naruka. Boksi jingine: hongera! Hongera ya nini sasa? Mbele kuna ngazi, imepakwa rangi ya njano chini mpaka juu, eti nisije nikadhani ni ukuta. Na maelekezo yote hayo huwezi kuyazima, hata kama umecheza gemu tangu utotoni.

Super Mario Bros. ilitoka 1985. Hatua yake ya kwanza haina hata sentensi moja ya maelekezo. Mario yuko kushoto, kulia kuko wazi, basi unaenda kulia. Anakuja adui. Usiporuka unakufa na kuanza upya karibu hapo hapo, umepoteza uhai mmoja tu. Ukiruka, unagonga kiboksi chenye alama ya kuuliza, inatoka sarafu. Umeshaelewa gemu nzima inataka nini. Leo studio ina mamia ya watu na hakuna hata mmoja anayeamini kwamba nina macho!

Nikasema basi, niachane na gemu za watu, nichore picha za gemu yangu mwenyewe. Nikafungua GIMP, programu ya bure ya kuchora na kuhariri picha, iliyoko hadharani tangu 1996. Hebu chora duara. Zana ya duara haipo. Unachukua zana ya kuteua eneo la mviringo, unaburuta, unazama kwenye menyu kutafuta amri ya kupitisha mstari kwenye mpaka wa ulichoteua, unachagua unene. Unene haujakupendeza? Tengua, anza tena. Na uwezo wa kuweka filta (yaani athari kama ukungu) kwenye leya, ile tabaka moja ya picha, halafu uje kuirekebisha baadaye umekuja na toleo la 3.0, mwaka 2025. Elfu mbili na ishirini na tano, wakuu!

Ukilalamika unajibiwa, "Si ni bure? Unataka nini tena?" Hapo ndipo damu inanichemka.

Blender, programu ya kutengeneza picha na filamu za 3D, nayo si bure? Mwaka 2002, kampuni iliyoimiliki ilipokufa, watu walichangishana euro 100,000 kwa wiki saba tu, msimbo wake ukaachiwa huru kwa leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kuutumia na kuubadilisha. Nayo ilikuwa na balaa lake: kuteua kitu ulibofya kitufe cha kulia cha kipanya, kinyume na karibu kila programu unayoijua. Watu walipiga kelele weee, miaka na miaka, na watetezi wakawaambia wazoee. Toleo la 2.80 la mwaka 2019 likaja na kitufe cha kushoto na mwonekano uliopangwa upya. Mwaka 2025 filamu ya Flow, iliyotengenezwa kwa Blender, ikabeba Oscar. Bei ya programu? Bado sifuri.

Kwa hiyo msiniletee habari za bure. Wenye gemu, wekeni swichi ya kuzima maelekezo kwenye mipangilio, kabla mchezo haujaanza, tena izime kweli. Wenye programu, mkalisheni mgeni mbele ya kompyuta, mnyamaze, mtazame anakwama wapi.

Na wale wa "kama huipendi jitengenezee yako", karibuni kukoment, leo sina pa kwenda.