Leseni inaisha Januari, na hili Volvo linanitupa mkia

Mgeni wa Baridi, Jumatatu 21:14

Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni.

Nina mawili, moja la karatasi na moja la gari.

La karatasi: leo nimepata barua kwamba ombi langu la körkortstillstånd (kibali cha kuanza kutafuta leseni ya hapa Sweden) limekwama kwa sababu synintyg (cheti cha kupima macho) imepitwa na muda. Nilipima macho Septemba, karatasi ikakaa mezani nikingoja BankID (kitambulisho cha mtandaoni), BankID ikaja Novemba. Kumbe macho yanaoza. Sasa nipime upya, nitume upya, ningoje upya. Na leseni ya nyumbani inakufa mwaka mmoja baada ya folkbokföring (kusajiliwa kuwa mkazi). Swali langu: huo mwaka unahesabiwa kuanzia siku niliyotua, au tarehe ya uamuzi wa kunisajili? Kwangu zimepishana wiki sita. Ikiwa ni ya kwanza, nimebakiwa na siku kumi na moja. Ikiwa ni ya pili, nina hadi mwisho wa Januari. Nafanya usafi kuanzia saa kumi alfajiri na basi la kwanza linapita saa kumi na moja na nusu, kwa hiyo gari kwangu si mbwembwe.

La gari: nimenunua Volvo 240 ya 1991 kwa mzee mmoja, safi kabisa, gia za mkono. Nyumbani nilikuwa na Vitz, sijawahi kuendesha gari linalovuta kwa nyuma. Jana kwenye kiplefti, theluji nyepesi tu, nimeongeza mafuta nitoke, naona mkia unataka kunitangulia. Nikakanyaga breki. Nikazunguka nusu duara, nikasimama natazama nilikotoka, matako ya gari yamezama kwenye rundo la theluji. Hakuna aliyeumia. Mama mmoja mwenye mbwa alinisukuma, hakusema neno hata moja, akaenda zake.

Naombeni msaada kwa yote mawili.

Mama Pacha, Jumatatu 21:52

Pole sana mdogo wangu. Hiyo ya synintyg ilinikuta na mimi, ila yangu walisema sahihi haisomeki. Nikapima mara ya pili, nikalipa mara ya pili. Halafu ngoja ufike kwenye kunskapsprov, mtihani wa nadharia! Maswali 65 yanahesabiwa, unatakiwa 52. Mimi nilipata 49, nikapata 51 (hamsini na moja, jamani, nililia kwenye parking), mara ya tatu nikapata 58. Usiende bila kusoma ukijiambia umeendesha miaka kumi. Miaka yangu kumi ndiyo iliyoniangusha, kila swali la nani apite kwanza nilijibu kwa akili ya nyumbani.

Kuhusu mwaka, unahesabiwa tangu folkbokföring. Hilo liko wazi.

Mgeni wa Baridi, Jumatatu 21:58

Asante dada, ila ndiyo nauliza: folkbokföring ipi? Siku ya kuhamia au siku ya uamuzi?

Fundi wa Luleå, Jumatatu 23:20

Kijana, marahaba. Karatasi siziwezi, nimekuja zamani na sheria zimebadilika mara nyingi. Gari naliweza. Nimekuwa na 240 mbili na 940 moja, zote huku juu kaskazini, na theluji nimeichota kwa koleo kuliko wengi wenu mnavyokoroga chai.

Kwanza elewa kilichokupata. Tairi lina uwezo mmoja wa kushika barabara, kama mshahara. Ukiutumia wote kwenye kukata kona, haubaki wa kuongeza mwendo. Vitz yako tairi za mbele zinafanya kazi zote mbili, zinavuta na zinaelekeza. Zikiishiwa, pua inakwenda moja kwa moja, unaachia mafuta, inarudi. Ukiwa mzembe linakusamehe. 240 imegawa kazi: mbele inaelekeza, nyuma inasukuma. Umekanyaga mafuta ukiwa bado katikati ya kona, tairi za nyuma zikaishiwa mshahara, mkia ukatoka nje. Mpaka hapo ulikuwa hujaharibikiwa. Kilichokumaliza ni breki. Ukikanyaga breki uzito wote unakimbilia mbele, nyuma inabaki nyepesi kama karatasi, na kitu chepesi kwenye barafu kinakwenda kinakotaka.

Siku nyingine mkia ukitoka: kanyaga klachi, pedeli nyingine zote ziache. Macho yatazame unakotaka kwenda, usitazame nguzo. Mikono itafuata macho, utajikuta unakata usukani kuelekea upande ambao mkia umekwenda. Na hapa ndipo wageni wanapokwama: wanaukata sawasawa, wanasahau kuurudisha. Gari likishika tena, mkia unarudi kwa kishindo upande wa pili, na huo mtelezo wa pili ndio unaopeleka watu mtaroni. Anza kunyoosha usukani mara tu unapohisi mkia umesita kwenda.

Kuondoka, tumia gia namba mbili, klachi taratibu, mafuta kama unamimina dawa ya mtoto. Kona ingia polepole, nyoosha gari kwanza, ndipo uongeze. Na usishushe gia kutoka nne kwenda mbili kwa pupa: injini ikivuta kurudisha mwendo, inazuia tairi za nyuma peke yake. Ni sawa na mtu kukuvutia handibreki kidogo bila kukuambia.

Tairi zikoje? Zenye misumari au bila? Kina kimebaki milimita ngapi?

Mkazi wa Malmö, Jumanne 07:05

Kwa heshima mzee, lakini mbona tunampa kijana darasa la safari rally? Auze hiyo kitu. RWD (kuvuta kwa nyuma) ni mambo ya zamani, ndiyo maana watu waliacha. Nunua ndogo yenye kuvuta mbele, maisha yaendelee. Na kama lazima abaki nayo, aweke tairi nzuri mbele, kwa sababu mbele ndiyo inaelekeza. Hiyo hata mtoto anajua.

Mgeni wa Baridi, Jumanne 11:40

Mzee, za misumari. Mbele 6 mm, nyuma 3 na kitu. Aliyeniuzia ndiye aliyeziweka hivyo.

Fundi wa Luleå, Jumanne 12:15

Malmö, mtoto anajua vibaya. Tairi nzuri zinakwenda nyuma, kwa gari la kuvuta mbele na la kuvuta nyuma vilevile. Mbele zikiteleza unahisi mapema kwenye usukani na unaachia mafuta. Nyuma zikiteleza unajua ukiwa umeshageuka. Kijana, leo hii zibadilishe, za mbele zipeleke nyuma. Na 3 mm ndiyo mpaka wa sheria kwa tairi za baridi, hiyo "na kitu" haitafika Machi. Ukikamatwa bila tairi halali kati ya 1 Desemba na 31 Machi barabara ikiwa ya theluji au barafu, ni faini.

Na eti RWD ni ya zamani? Volkswagen ID.3 ya umeme inavuta wapi? Tesla Model 3 ya mota moja inavuta wapi? Volvo wenyewe EX30 ya mota moja wameiweka nyuma. Umeme umeirudisha. Nyingine zina tabia yake pia: ukiachia mafuta ghafla, mota inageuka breki, na breki hiyo iko nyuma tu. Tofauti ni kwamba zina kompyuta ya kuzuia mtelezo, ambayo Ulaya ni lazima kwa kila gari jipya tangu Novemba 2014. 240 ya kijana haina kompyuta hiyo. Kompyuta ni yeye.

Mkazi wa Malmö, Jumanne 12:31

Sawa mwalimu. Hapa kwetu kusini theluji ni siku tano kwa mwaka, endeleeni.

Dereva wa Hiace, Jumanne 19:48

Nimecheka peke yangu kwenye tunnelbana, treni ya chini ya ardhi. Wanaosema hawajawahi kuendesha RWD, Hiace mnadhani inavuta kwa wapi? Nimeendesha daladala miaka sita kabla ya kuja huku. Masika, njia ya udongo mwekundu, abiria kumi na tisa na mmoja amening'inia mlangoni. Mkia unatupa kushoto, konda anapiga bati "twende," wewe unakata usukani huku unazozana na mtu wa chenji. Ukiona inagoma kupanda, unawaambia wa mbele wahamie siti za nyuma, uzito ukae juu ya tairi zinazosukuma. Sikujua ile ni fizikia.

Nilipokwenda Risk 2, yale mafunzo ya lazima ya utelezi, mwalimu wa halkbana (uwanja wa kuteleza) akaniuliza nimejifunza wapi kurudisha usukani mapema hivyo. Nikamwambia shuleni. Ningeanzia wapi kumweleza harufu ya lile tope, na yule mama wa ndizi aliyekuwa anasukuma nasi kila asubuhi bila kudai nauli irudishwe?

Ila barafu si tope, kijana. Tope linakuvuta, linakupa onyo. Barafu haisemi. Na usiogope sana siku ya nyuzi ishirini chini ya sifuri, ogopa siku ya sifuri yenyewe, barafu ikiwa na kijasho juu. Hapo ukiwa 50 km/h, pale ambapo lami kavu ingekusimamisha kwa mita 12 au 13, utakwenda karibu mita mia.

Mama Pacha, Jumanne 20:10

Dereva umenikumbusha mbali. Mimi sasa nikisikia neno "kiplefti" nacheka, huku kiplefti unazungukia kulia.

Fundi wa Luleå, Jumanne 20:33

Hata Wasweden walikuwa wanaendesha kushoto. Walihamia kulia tarehe 3 Septemba 1967, nchi nzima alfajiri moja. Jirani yangu marehemu alikuwa anasimulia hiyo asubuhi kama sisi tunavyosimulia uhuru.

Mwanasiasa Mstaafu, Jumanne 22:02

Tatizo la msingi hamlisemi. Mjapani anabadilishana leseni tu, Mswisi anabadilishana, sisi tunaanza upya kama watoto. Kwa nini? Kwa sababu serikali zetu hazikai mezani kudai. Ni kama uraia pacha. Wakenya wamepata tangu Katiba ya 2010, sisi Watanzania tunapigwa danadana. Ukichukua pasi ya hapa umepoteza ya kwenu. Halafu tunaitwa ndugu zetu wa diaspora pale wanapotaka tutume hela.

Mkazi wa Malmö, Jumanne 22:09

Ndiyo maana mimi nalala vizuri 😄 Lakini leseni yangu ya Kenya ilikufa vilevile baada ya mwaka, usidhani pasi mbili ziliisaidia.

Mwanasiasa Mstaafu, Jumanne 22:15

Sikusema iliisaidia. Soma vizuri kabla ya kujibu. Hoja yangu ni heshima ya

Msimamizi, Jumanne 22:40

Uraia pacha una uzi wake, na una kurasa nyingi za kutosha. Turudi kwenye gari. Ujumbe uliokatika umekatwa na mimi.

Mgeni wa Baridi, Jumamosi 16:27

Wandugu, nimerudi na ripoti. Tairi nimezihamisha. Leo asubuhi rafiki yangu wa SFI (darasa la Kiswidi kwa wageni) alinipeleka kwa mjomba wake mwenye shamba, wana uwanja wa kukaushia mbao, umefungwa na geti, barafu tupu. Nimezunguka saa mbili. Mara tano za kwanza niligeuka kama pia. Mara ya sita nikakumbuka klachi, nikatazama geti badala ya rundo la mbao, na mikono ikafanya yenyewe, kama alivyosema mzee. Mkia ulitoka, ukasita, ukarudi, nikanyoosha. Nimepiga kelele mle ndani ya gari. Yule mjomba alikuwa amesimama na kikombe cha kahawa, akainua kidole gumba, nadhani kwa Msweden hiyo ni hotuba nzima.

Nilichogundua ni kwamba gari linaongea kupitia makalio. Kwenye Vitz nilikuwa nasikia kwa mikono. Hapa kiti ndicho kinachokuambia kwanza, sekunde nzima kabla macho hayajaona. Nikawa napenda hata. Usimwambie mtu, Malmö.

Macho nimepima tena, nimetuma Alhamisi. Ila swali langu la kwanza bado: siku ya kutua au siku ya uamuzi? Kama ni ya kutua nimebakiwa na siku sita.

Mama Pacha, Jumamosi 16:50

Hongera mdogo wangu! Si nilikuambia, tangu folkbokföring.

Dereva wa Hiace, Jumamosi 17:03

Mimi nilihesabu tangu siku ya kutua, lakini mimi tarehe zilikuwa sawa, kwa hiyo sikusaidii. Wapigie watu wa leseni Jumatatu saa mbili kamili, ukichelewa dakika kumi uko namba hamsini kwenye foleni.

Fundi wa Luleå, Jumamosi 17:41

Safi sana kijana. Nilisahau jambo moja. Weka mifuko ya mchanga kwenye buti, kilo arobaini au hamsini jumla, juu ya ekseli na si kule mwisho kwenye bampa, la sivyo mkia ukitoka unakuwa na hamu zaidi ya kwenda. Ifunge kwa kamba. Na mchanga uwe mkavu. Nilitumia mbichi mwaka wangu wa kwanza, ukaganda, na nilipotaka kuumwaga chini ya tairi nikajikuta nina jiwe moja la kilo hamsini.